Modeli ya manowari Königsberg haifanani na picha: tafuta kosa kabla ya kushika brashi

Modeli nyingi za manowari zinazoletwa kwa fundi hazikuharibiwa na kuanguka wala na vumbi. Zimeharibiwa na matengenezo. Mtu mmoja alibadilisha bendera, mwingine akapaka rangi upya, wa tatu akajazia mzinga uliopotea kwa kuokoteza kwenye kopo la vipuri. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na matokeo yake ni meli ya mwaka 1914 inayopeperusha bendera ya mwaka 1935. Kwa hiyo kabla ya gundi na msasa, uamuzi wa kwanza ni huu: modeli hii ni meli ipi, na ni meli hiyo siku gani? Usipochagua siku, utaendelea kuchanganya zama kama waliokutangulia.

Nachukua mfano wa manowari ya Kijerumani SMS Königsberg (SMS hapa ni kifupi cha Kijerumani cha "Meli ya Mfalme", kama HMS ya Waingereza), kwa sababu ndiyo manowari ya kigeni iliyoacha alama kubwa kuliko zote kwenye pwani yetu. Ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Uingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipomalizwa tarehe 11 Julai 1915. Ukiweza kuichunguza hii, njia ni ileile kwa meli nyingine yoyote.

Dalili: dohani hazilingani na picha, au meli ni ndefu kupita kiasi

Anza na jina, maana jina hilo limewapotosha wengi. Manowari tatu za Kijerumani zilizoitwa Königsberg ziliingizwa majini ndani ya robo karne: mwaka 1905, 1915 na 1927. Yetu ni ya kwanza. Muuzaji akiandika tu "Königsberg" kwenye boksi, hajakwambia kitu.

Ile ya 1927 hutambulika ukiwa mlangoni: ina dohani mbili, na mizinga yake tisa imefungwa mitatu mitatu ndani ya minara mitatu, tena ile minara miwili ya nyuma haikukaa kwenye mstari wa katikati wa meli. Hiyo ndiyo iliyozamishwa na ndege za Uingereza kule Bergen, Norwe, Aprili 1940. Haikuwahi kuwa na uhusiano wowote na Rufiji. Ukikuta modeli ya namna hiyo imewekwa kibao cha "Rufiji 1915", tatizo ni kibao, na dawa yake ni kibao kipya.

Ile ya 1915 ndiyo inayodanganya, kwa kuwa nayo ina dohani tatu. Hapo hesabu mizinga, kisha tazama ya nyuma. Meli yetu ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5: miwili omo (mbele) ikiwa ubavu kwa ubavu, mitatu kila upande katikati ya meli, na miwili tezi (nyuma), nayo ubavu kwa ubavu. Ya 1915 ilikuwa na minane ya sentimita 15, na ile miwili ya tezi imepangwa mmoja juu ya mwenzake ili wa juu upige bila kuzuiwa na wa chini. Ukiona mzinga umepanda juu ya mzinga kule tezi, umeshika meli isiyo yenyewe.

Kama mizinga imeshapotea yote, chukua rula. Königsberg ya Rufiji ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Kwa skeli ya 1/350, yaani modeli iliyopunguzwa mara 350, hiyo ni milimita 329 kwa 38. Ya 1915, yenye mita 151.4, inatoka milimita 433. Ya 1927, yenye mita 174, inakaribia nusu mita. Na ikiwa hujui skeli, jambo la kawaida kwa modeli zilizochongwa kwa mkono, gawanya urefu wa bodi kwa upana wake. Meli yetu inatoa 8.7. Ya 1915 inatoa 10.7 hivi, na ya 1927 inapita 11. Hesabu hiyo haihitaji kujua skeli wala kuwa na ramani. Inahitaji uzi na rula tu, na imeokoa kazi nyingi zisiharibike.

Kuna mahali rula haifiki. Königsberg ilikuwa na dada zake watatu, yaani meli za kundi lake, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, wenye urefu wa mita 116.8, na Emden inayofanana nayo mno ilikuwa na mita 118.3. Zote zina dohani tatu na mizinga kumi ileile. Kwa 1/350, tofauti kati ya Königsberg na dada zake ni milimita nne tu, na modeli ya mbao iliyokauka na kupindika inaweza kupoteza kiasi hicho. Hapa lazima upate picha ya ubavu ya kila meli, uzipange zote kwa urefu mmoja, kisha upime nafasi kati ya dohani na dohani, na kati ya dohani na milingoti. Usikubali picha isiyo na jina la meli na mwaka. Picha za meli hizi zimekuwa zikibadilishwa majina tangu zama za kadi za posta.

Dalili: mizinga ni minene, mirefu, au imekaa kwenye magurudumu

Alama "L/40" kwenye jina la mzinga wa Kijerumani ina maana kwamba urefu wake ni mara 40 ya kipenyo cha tundu. Sentimita 10.5 mara 40 ni mita 4.2. Kwa 1/350 ni milimita 12, kwa 1/100 ni milimita 42, na sehemu ya hizo imefichwa nyuma ya ngao. Mzinga wa sentimita 15 unaouzwa kama kipuri cha meli za baadaye unafika milimita 19 kwa 1/350. Ukiuweka pale, jicho linaona kasoro hata kabla hujajua kwa nini.

Kosa la magurudumu linatokana na bidii iliyoelekezwa pabaya, ndiyo maana nalizungumzia kwa upole. Baada ya meli kuzamishwa, Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi mtoni, wakaitengenezea vigari vya nchi kavu, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, likaikokota vitani. Mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa juu ya Graf von Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Mwingine upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mtu anaenda makumbusho, anapiga picha kila upande, anarudi kunakili alichokiona. Bomba alilolinakili ni la kweli, ila kitako ni cha nchi kavu. Juu ya sitaha mzinga ulisimama kwenye nguzo iliyofungwa kwa bolti, ukiwa na ngao mbele ya mpigaji. Kwa hiyo kwenye mizinga ya makumbusho pima bomba na kifungio cha nyuma. Kitako na ngao vitafute kwenye picha za meli za kabla ya Julai 1915.

Ndivyo ilivyo pia kwa picha za mabaki. Meli ilikaa kwenye matope ya Rufiji kwa miaka mingi na ikapigwa picha mara nyingi, lakini mizinga ilishaondolewa na kila aliyepita alichukua chake. Kitu kukosekana kwenye picha ya mabaki hakuthibitishi kwamba hakikuwepo asubuhi ya vita.

Dalili: unga mweupe kwenye mizinga, nanga na mashua ndogo

Hii haionekani kuwa suala la historia, lakini ndiyo inayokula historia nyingi kuliko kosa lolote la rangi.

Modeli za zamani mara nyingi zina vifaa vidogo vya risasi iliyoyeyushwa. Ukifungua kasha la kioo unakuta nanga imevimba, ngao ya mzinga imepasuka, na chini yake kumedondoka unga mweupe kama chokaa. Wengi wanadhani ni fangasi au chumvi ya bahari, hasa Zanzibar na Mombasa ambako chumvi inaingia kila mahali. Wanasugua kwa mswaki, na maelezo yote madogo yanaondoka na mswaki: riveti, mpini, alama za bolti.

Chanzo ni hewa iliyomo ndani ya kasha lenyewe. Mbao, hasa mwaloni, pamoja na mbao za kubandikwa (plaiwudi) na za unga wa mbao (MDF), hutoa mvuke wa asidi ya siki. Silikoni ya kuzibia vioo, ile inayonuka siki inapokauka, hufanya vivyo hivyo. Kasha likifungwa vizuri, mvuke hauna pa kutokea. Unaila risasi na kuigeuza kuwa kabonati, ndio ule unga. Joto na unyevu vinaharakisha mambo, na pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima.

Unga huo ni sumu. Vaa glavu na barakoa, usipulize, usipige msasa, na usifanyie kazi hiyo mezani mnapolia chakula. Toa modeli kwenye kasha kabla ya kitu kingine chochote. Piga picha kila kifaa kilivyo, hata kilichooza nusu, kwa kuwa umbo lake ndilo ushahidi. Kisha tafuta kile kizima kuliko vyote. Kwenye mizinga kumi hukosi mmoja ambao haujafikiwa sana, mara nyingi ule uliokaa karibu na upenyo wa kasha. Huo ndio wa kutengenezea kalibu ya silikoni, baada ya kuhakikisha kwamba silikoni yenyewe si ile inayonuka siki, kisha umwage vingine kwa resini au bati lisilo na risasi. Vile vya asili vilivyooza viweke kwenye kichupa kilichofungwa na kuandikwa onyo. Usivitupe.

Usirudishe modeli kwenye kasha lilelile. Nimeona kazi nzuri sana ikioza tena kwa sababu mwenye modeli alilipenda kasha la babu yake. Kama lazima kasha libaki, ondoa kitako cha mbao, weka cha alumini au akriliki, na acha matundu madogo ya hewa yenye kichujio cha vumbi.

Dalili: kijivu kinaonekana kijani, nyeupe imekuwa ya maziwa ya zamani

Usikimbilie kuchanganya rangi mpya. Mara nyingi rangi ni nzima, ila vanishi iliyo juu yake imegeuka manjano. Kijivu chenye ubuluu kikiwekewa kioo cha manjano kinasoma kijani. Jaribu mahali palipofichika, kwa mfano chini ya mashua au nyuma ya ngao, ukitumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyosafishwa kwanza, na spiriti kidogo baadaye iwapo maji hayakufua dafu. Pamba ikitoka ya kahawia na rangi ikabaki, ni vanishi. Pamba ikitoka kijivu, acha mara moja, unaondoa rangi yenyewe.

Kama kweli rangi imepakwa juu ya rangi, shuka kwa ngazi. Kwa kisu cha upasuaji na kioo cha kukuzia, kwangua sehemu ya milimita chache hivi kwamba kila tabaka linabaki na ukanda wake unaoonekana, kuanzia rangi ya juu hadi mbao. Ngazi hiyo itakusimulia matengenezo yote yaliyopita kwa mpangilio wake.

Sasa usichukulie kwamba tabaka moja ni kweli na mengine ni uongo. Manowari za Kijerumani zilizokaa nyumbani zilipakwa kijivu tangu miaka ya 1890, na zile za vituo vya ng'ambo kwa miaka mingi zilikuwa na bodi nyeupe na majengo ya rangi ya manjano iliyofifia. Königsberg ilianza kazi mwaka 1907 katika bahari za nyumbani, mara nyingine ikisindikiza jahazi la Kaiser, Hohenzollern, kabla ya kutumwa huku. Modeli yenye nyeupe chini ya kijivu, au kijivu chini ya nyeupe, inaweza kuwa imetengenezwa na mtu aliyebadilisha siku aliyoichagua. Siku yako ndiyo itakayoamua ubaki na tabaka gani.

Wakati wa kusoma rangi kutoka picha za zamani, tahadhari na filamu zenyewe. Filamu nyingi za kabla ya Vita vya Kwanza hazikuona nyekundu, nayo manjano ziliiona hafifu. Nyekundu inatoka karibu nyeusi, manjano inatoka nzito, buluu inatoka nyepesi. Dohani iliyoonekana ya kiza kwenye picha inaweza kuwa ilikuwa na rangi ya manjano inayong'aa juani. Mtu akikwambia "picha inaonyesha ilikuwa nyeusi", muulize kwanza ni filamu gani.

Pegasus ina mtego wake. Iliingizwa majini mwaka 1897, na manowari za Uingereza za wakati huo zilikuwa na bodi nyeusi, majengo meupe na dohani za manjano, sura ya kupendeza ambayo kila mchoraji wa maboksi anaipenda. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1900 Uingereza ilihamia kijivu. Pegasus iliyozama Zanzibar ilikuwa ya kijivu. Modeli yenye nyeusi na manjano si kosa kama kibao chake kinasema 1899. Ni kosa kikisema 1914.

Dalili: bendera "inaonekana ya Kijerumani"

Bendera ndiyo sehemu inayopotea upesi, na ndiyo inayobadilishwa na mtu asiyejua. Königsberg ilipeperusha bendera ya kivita ya dola ya Kaiser, ya muundo wa mwaka 1903: uwanja mweupe, msalaba mweusi wenye pindo, tai ndani ya duara pale mikono ya msalaba inapokutana, na kwenye kona ya juu kando ya mlingoti mistari mitatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, yenye msalaba wa chuma katikati. Bendera yenye swastika ni ya mwaka 1935 na kuendelea, miaka 20 baada ya meli hii kuzama. Iondoe bila kusita. Ni uongo kihistoria, na inawabandika mabaharia wa 1914 kitu kisichokuwa chao.

Kama modeli ina bendera ya kitambaa ya asili iliyochakaa, usiifue na usiibadilishe. Ibandike kwenye hariri nyembamba kwa nyuma. Chakavu ya kweli ina thamani kuliko mpya iliyochapishwa.

Dalili: kamba zinaifanya meli ionekane ndogo

Hapa jibu ni fupi. Waya wa milimita 20 kwenye meli halisi ni milimita 0.06 kwa 1/350, mwembamba kuliko unywele. Uzi wa cherehani ni mnene mara kadhaa ya hapo. Tumia nyuzi nyembamba sana za nailoni, na nyaya za redio kati ya milingoti ziache zilegee kidogo.

Dalili: mandhari ya Rufiji haiaminiki

Watu wakitengeneza mandhari ya delta huijaza meli kubwa za Uingereza zikifyatua risasi katikati ya mikoko. Meli hizo hazikuweza kuingia. Maji yalikuwa mafupi mno kwao, na ndiyo sababu Königsberg ilidumu humo kwa miezi mingi huku HMS Chatham na wenzake wakilinda midomo ya mto. Waliofanya kazi Julai 1915 ni HMS Severn na HMS Mersey, vyombo vifupi vyenye vina vidogo, vilivyojengwa mwanzoni kwa ajili ya mito ya Brazil, na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikielekeza mizinga yao. Ukiweka manowari kubwa ndani ya mikoko, umefuta sababu yote ya kisa hicho.

Meli yenyewe wakati huo ilikuwa imefichwa kwa matawi, hata juu ya milingoti. Modeli safi inayong'aa haifai kwenye matope ya Salale, pale deltani ilipojificha. Na kama nafasi ipo, weka watu. Sehemu za boila zilizoharibika zilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa, na waliokokota ni Waafrika, kwa kamba na mabega. Karibu kila mandhari ya Rufiji niliyoiona imewaacha nje, ikabaki na mabaharia wa Kizungu peke yao. Huo nao ni upungufu wa kihistoria, na ni mkubwa kuliko dohani iliyopinda.

Lini usirekebishe

Kuna modeli zilizotengenezwa na mabaharia wenyewe, au na fundi wa bandarini aliyeiona meli kwa macho yake. Hizi zina makosa: mzinga uko mbele kidogo, mashua ni kubwa, madirisha ya duara ni machache. Yaache. Makosa hayo ni mkono wa mtu aliyekuwepo, nasi hatuna ruhusa ya kumsahihisha. Kazi yako hapo ni kusafisha, kuzuia kuoza, na kuondoa yale tu unayoweza kuthibitisha kwamba yaliongezwa baadaye. Thibitisha kwa tabaka za rangi, kwa aina ya gundi na kwa misumari, hisia hazitoshi.

Chochote unachoongeza, kigundishe kwa kitu kinachoweza kufunguka. Gundi ya Paraloid B-72 inayeyuka kwa asetoni hata baada ya miaka mingi, ilhali epoksi haitakuachia kipande bila kukivunja. Kisha andika karatasi, uifunge kwenye mfuko wa plastiki usio na asidi, uibandike chini ya kitako: siku uliyoichagua, vifaa vipi ni vya asili, vipi ni vyako na umevitengeneza kwa kitu gani, ngazi ya rangi iko wapi, na picha gani ulizifuata. Sehemu zako mpya ziwekee alama ndogo kwa wino upande usioonekana, herufi moja na mwaka.

Karatasi hiyo iandike siku ileile unayomaliza, kabla mwenye modeli hajaja kuichukua.